Mgonjwa wa Akili Anapofungiwa Chumbani

Huenda umewahi kuona jambo hili kijijini. Kijana amechanganyikiwa. Anapiga kelele usiku kucha na kurusha mawe. Wanaume wanamkamata, wanamfunga kamba na kumfungia kibandani. Baada ya siku kadhaa anapelekwa hospitali. Mama yake akienda kumtazama, anamkuta amefungiwa katika chumba cha peke yake. Anauliza: "Kumbe hospitali nayo inafungia watu? Kuna tofauti gani na kibanda chetu?"

Mama huyo ameuliza vizuri. Chumba hicho si dawa, wala si adhabu. Mtu haponi kwa kufungiwa. Muuguzi anayejua kazi yake huanza kwa maneno ya upole. Humwondoa mgonjwa penye kelele. Humpa dawa aliyoandikiwa na daktari. Hayo yote yakishindikana, na mgonjwa akawa karibu kujiumiza au kuumiza wengine, ndipo hutengwa.

Lakini haachwi. Kwanza huambiwa kwa nini anatengwa. Chumbani hamna kamba, chupa wala kitu chenye ncha. Muuguzi humwangalia mara kwa mara, kwa kawaida kila dakika 15. Kama amechomwa sindano ya kumtuliza, muuguzi hutazama kama anapumua vizuri. Hupewa maji na chakula, na hupelekwa chooni. Yote huandikwa katika faili lake pamoja na saa. Akitulia tu, mlango hufunguliwa. Hata hivyo, wagonjwa wengi husema walijawa na hofu humo. Shirika la Afya Duniani linahimiza hospitali ziache njia hii. Kwa hiyo mama anayo haki ya kuuliza: ametengwa tangu saa ngapi? Nani anamwangalia?

Na kule kibandani, nani alikuwa anamwangalia? Kamba ikikaza huzuia damu, mkono ukavimba, hata ukaoza. Kiu huua. Moto ukitokea, hana pa kukimbilia. Tena mtu aliyechanganyikiwa ghafla huku ana homa, huenda malaria imempanda kichwani. Akifungiwa hadi asubuhi anaweza kufa.

Basi usimfungie. Ondoa panga, shoka na jembe. Watu wawili anaowaamini wakae naye. Waseme naye polepole, wasimcheke wala wasibishane naye. Wengine watafute usafiri, apelekwe zahanati au kituo cha afya usiku huo huo. Mweleze mganga ugonjwa ulianza lini, na kama alikuwa na homa. Kama kuna dawa alizokuwa akimeza, zichukue pia.