Sumukuvu: Kwa Nini Kigunduzi Hudanganyika?

Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 nchini Kenya. Sumu hiyo hupimwaje? Katika kromatografia ya kimiminika, aina zake B1, B2, G1 na G2 hutenganishwa ndani ya mrija, kisha humulikwa kwa urujuanimno; kigunduzi hupima mng'ao wake. Lakini B1, iliyo kali kuliko zote, hung'aa kwa unyonge ndani ya kimiminika chenye maji, ilhali B2 hung'aa sana. Tofauti yao ni kifungo maradufu kimoja tu cha kaboni. Kwa hiyo wanakemia huongeza bromini au iodini, ambayo hukifungua kifungo hicho, nayo B1 ikang'aa. Basi, mwanafunzi, ukubwa wa ishara hauonyeshi wingi mpaka kila molekuli ilinganishwe na myeyusho wake sanifu.