Nabii Asiyezikwa: Mwisho wa Sakawa na Kumbukumbu Yake Katika Nchi ya Wagusii

Utangulizi

Jamii nyingi huwahifadhi watu wao watukufu kwa kaburi. Wahindu huwajengea watawa wao mahali pa ibada paitwapo samadhi, na waumini huenda huko kuweka maua na kuomba. Katika pwani ya kaskazini ya Kenya, kaburi linalosemekana kuwa la Fumo Liyongo huonyeshwa huko Ozi, karibu na Kipini. Wagusii wa Kisii na Nyamira nao wana nabii mashuhuri, Sakawa, ambaye baadhi humwita Sakagwa. Hata hivyo, masimulizi yake hayamwelekezi msikilizaji kwenye kaburi lolote. Makala haya yanaeleza jinsi mighani ya Sakawa inavyomaliza maisha yake, na jinsi kumbukumbu yake ilivyopata makao mahali pengine.

Nabii na utabiri wake

Sakawa aliishi Kitutu, upande wa Nyakoe, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wagusii humwita omobani, yaani nabii. Masimulizi humhusisha na ushindi wa Wagusii dhidi ya Wakipsigis katika vita vya Saosao, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Lakini utabiri uliompa umaarufu zaidi ni ule wa siku zake za uzeeni: kwamba wageni weupe wangekuja, vijana wangenyang'anywa silaha zao, na mji ungejengwa mahali palipoitwa Getembe. Inasimuliwa kwamba mzee huyo aliwatembeza watu na kuwaonyesha mahali ambapo hospitali, kituo cha polisi na majengo ya utawala yangesimama. Wakati huo hapakuwa na jengo hata moja la aina hiyo.

Kutoweka

Sakawa hakuyaona hayo yakitimia. Inakadiriwa kwamba aliondoka duniani mnamo 1902. Mighani haisemi tu kuwa alifariki. Husema alitoweka, mwili wake haukuonekana, na kwamba angerudi. Mnamo 1905 Waingereza walituma msafara wa kijeshi ulioua Wagusii wengi. Mwaka 1907 kituo cha utawala kilifunguliwa Getembe. Mwaka uliofuata, Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, Northcote, baada ya kuchochewa na mwaguzi Moraa. Adhabu iliyofuata ilikuwa kali.

Katika hali hiyo, nabii asiyezikwa alikuwa na manufaa kuliko nabii aliyezikwa. Septemba 1914 Wajerumani walipoingia Kisii na maofisa wa Kiingereza wakaondoka, wananchi wengi waliamini kuwa siku ya wageni kuondoka imewadia, wakayapora maduka na majengo ya mji. Waingereza walirejea, wakaadhibu. Hata hivyo tumaini halikufa. Mnamo 1920 na 1921 wafuasi walikusanyika kumzunguka Bonairiri, mjane wa Sakawa, wakitazamia kurudi kwake. Tumaini hilo lilichanganyika na dini ya Mumbo, iliyokuwa imetoka upande wa Ziwa Viktoria na kutabiri kuondoka kwa wazungu. Serikali ya kikoloni iliwakamata viongozi wa dini hiyo na kuwahamishia mbali.

Mji kuwa kumbukumbu

Mhakiki anaweza kuuliza: je, Sakawa aliyasema hayo kweli, au wasimulizi waliyaongeza baada ya mji kujengwa? Swali hilo ni halali, kwa kuwa utabiri husimuliwa aghalabu na watu wanaojua tayari kilichotokea. Lakini kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi lipo swali jingine: utabiri huo unaifanyia jamii kazi gani?

Jibu limo katika majina ya mji wenyewe. Mji wa Kisii huitwa pia Bosongo, yaani mahali pa wazungu. Jina hilo linakiri kwamba mji uliletwa na mgeni. Mighani ya Sakawa inalijibu jina hilo. Inadai kwamba mzungu hakuchagua chochote. Alijenga pale ambapo mwenyeji alikwisha kupaonyesha. Kwa njia hiyo jamii iliyonyang'anywa ardhi kwa bunduki iliirudisha kwa masimulizi. Ndiyo maana kaburi halikuhitajika. Kila jengo linalotajwa katika mighani ni ushahidi wa Sakawa, na kila anayeingia mjini anapita katika kumbukumbu yake pasipo kujua.

Hitimisho

Kumbukumbu ya namna hii ina udhaifu mmoja. Kaburi la mawe hukaa hata kama hakuna anayelizungumzia, ilhali mji usiosimuliwa ni majengo tu. Kitutu ya Sakawa leo imegawanyika: Kitutu Chache iko katika Kaunti ya Kisii, na Kitutu Masaba iko Nyamira. Wazee waliolelewa na watu waliomngoja Sakawa wanazidi kupungua. Mwanafunzi wa Kiswahili kutoka pande hizo anayo kazi mbele yake: kuirekodi mighani hii kwa Ekegusii kama inavyosimuliwa, kuandika jina la msimulizi, mahali na tarehe, kisha kuitafsiri kwa Kiswahili. Nabii aliyekosa kaburi asikose pia msimulizi.