Supu ya pweza

Supu ya pweza ni mchuzi mwepesi unaotokana na kuchemsha pweza. Ni chakula maarufu cha jioni katika mitaa ya Dar es Salaam, kama vile Kariakoo, Magomeni, Manzese na Mbagala. Huuzwa kando ya barabara pamoja na vipande vya nyama ya pweza, ambavyo mlaji huvichoma kwa kijiti cha meno na kuvichovya kwenye pilipili. Ni chakula cha watu wa kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo, upatikanaji wake unategemea mnyama anayeishi muda mfupi, anayezaa mara moja tu maishani, na anayevuliwa moja kwa moja kutoka kwenye miamba ya bahari.

Mnyama mwenyewe

Pweza anayeliwa zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki hujulikana kitaalamu kwa jina la Octopus cyanea. Yuko katika kundi la moluska, pamoja na chaza, kome, ngisi na konokono. Ana minyiri minane yenye vikombe vya kunatia, mioyo mitatu, na damu ya rangi ya buluu kwa sababu protini inayobeba oksijeni mwilini mwake ina shaba badala ya chuma. Huwinda kaa na samaki wadogo wakati wa mchana, kisha hurudi kwenye shimo lake mwambani.

Huishi takriban mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Jike hutaga mayai mara moja, huyalinda shimoni bila kula, na hufa yanapoanguliwa.

Uvuvi na safari ya kufika mjini

Pweza wengi huvuliwa kwa miguu. Wakati wa maji ya bamvu, bahari inapokupwa sana na miamba kubaki wazi, wanawake, wanaume na vijana hutembea mwambani wakiwa na fimbo au nondo nyembamba, wakitafuta mashimo ya pweza. Kwa wanawake wengi wa pwani hii ni njia muhimu ya kupata fedha, kwa kuwa haihitaji chombo wala nyavu. Wanaume huvua pia kwa kupiga mbizi kwenye maji ya kina kirefu zaidi. Maeneo yanayojulikana kwa pweza ni pamoja na Mafia, Songosongo, Kilwa, Mtwara, Tanga, Unguja na Pemba.

Sehemu ya pweza hao hununuliwa na viwanda vya kugandisha na kusafirishwa kwenda nchi za kusini mwa Ulaya. Wengine huletwa Dar es Salaam, ambako kituo kikuu ni Soko la Samaki la Feri, Kivukoni. Hapo samaki na pweza huuzwa kwa mnada, na wachuuzi huwapeleka mitaani.

Upishi

Pweza huondolewa matumbo na kifuko cha wino, kisha husuguliwa kwa chumvi ili kutoa utelezi. Kwa kuwa nyama yake ni ngumu, wavuvi na wapishi wengi humpigapiga kwenye jiwe au kwa mti kabla ya kumpika.

Huwekwa sufuriani na maji kidogo tu, kwa sababu mwenyewe hutoa maji mengi akipata moto. Hapo nyama husinyaa sana, minyiri hujikunja, na ngozi hugeuka kuwa ya rangi ya zambarau inayoelekea wekundu. Viungo vya kawaida ni chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na ndimu. Majumbani, hasa Zanzibar, pweza hupikwa pia kwa tui la nazi na kuliwa kwa wali au ugali.

Pweza wa kuchoma ndiye aliyezaa msemo wa Kiswahili wa kujipalia makaa kama pweza, yaani kujitafutia balaa. Anapowekwa motoni, minyiri yake hujikunja na kuonekana kana kwamba inayavuta makaa kuja mwilini.

Ulaji Kariakoo

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kilichokuwa na kambi mahali hapo. Jengo kuu la soko lilijengwa miaka ya 1970 kwa ramani ya msanifu majengo Beda Amuli, na liliungua moto Julai 2021. Kuzunguka soko kuna biashara za mitaani zinazoendelea hadi usiku, na wauza pweza ni miongoni mwao.

Muuzaji huwa na meza ndogo, sinia, kisu, sufuria ya supu iliyo juu ya jiko, na bakuli la pilipili. Mteja huchagua kipande, nacho hukatwa vidogovidogo mbele yake. Bei hufuata ukubwa wa kipande, hivyo hata mwenye fedha kidogo hupata cha kuonja. Supu hunywewa katika kikombe au bakuli, ikiwa moto. Watu hula wakiwa wamesimama, bega kwa bega na wasiowafahamu, na mazungumzo huanza yenyewe.

Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, yanayohalalisha wanyama wa baharini, na hii ni sababu mojawapo ya pweza kukubalika sana. Bia ni jambo jingine: meza ya pweza kwa kawaida haiuzi pombe. Wanywaji huipata kwenye baa, pamoja na nyama choma, mishkaki au chipsi.

Ulinganisho na Ubelgiji

Nchini Ubelgiji, moluska na bia hukaa meza moja. Kome huchemshwa kwa mvuke pamoja na vitunguu na figili, huletwa wakiwa ndani ya sufuria yao, na huliwa kwa chipsi na bia. Kama ilivyo kwa pweza wa Kariakoo, ni chakula cha kawaida kisicho na makuu, na mlaji anaweza kutumia gamba tupu kama koleo la kunyofolea nyama ya kome mwingine.

Tofauti kubwa iko baharini. Kome wa Ubelgiji, ambao wengi hutoka jimbo la Zeeland nchini Uholanzi, hukuzwa kwenye mashamba ya baharini. Pweza wa Dar es Salaam hana shamba. Anayevuliwa leo amekua mwenyewe mwambani.

Imani kuhusu afya

Watu wengi huamini kwamba supu ya pweza huongeza nguvu za kiume. Ni kweli kwamba pweza ana protini nyingi, madini ya chuma na zinki, na vitamini B12, lakini hilo halithibitishi kuwa supu hiyo ni dawa. Upungufu wa nguvu za kiume unaweza kuwa dalili ya kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo. Anayetegemea kikombe cha supu badala ya kumwona daktari anaweza kuchelewa kugundua ugonjwa wenyewe.

Hifadhi

Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua pweza mwenye uzito chini ya gramu 500. Sababu yake ni maisha ya mnyama huyu: jike akivuliwa kabla ya kutaga, hajaacha kizazi chochote.

Njia nyingine ni kufunga mwamba kwa miezi kadhaa. Kijiji cha Andavadoaka nchini Madagaska kilijaribu njia hiyo mwaka 2004, na baadaye ikafuatwa na vijiji vya Tanzania Bara na Zanzibar. Kwa kuwa pweza hukua haraka sana, mwamba ukifunguliwa wavuvi hupata wakubwa zaidi. Ugumu uko katika kipindi cha kusubiri, hasa kwa wanawake wasio na chombo cha kwenda kuvua kwingine, na pale wageni wanapovua usiku katika eneo lililofungwa.

Mnunuzi wa mjini naye ana nafasi yake. Pweza wadogo wakikosa soko, hakuna faida ya kuwatoa shimoni mapema.