Jinsi joto la taka linavyofika katika majumba ya kale ya Leeds

KWA mtu anayeishi karibu na ikweta, si rahisi kuelewa ni kwa nini halmashauri ya jiji itumie fedha nyingi kubadilisha mfumo wa kupasha joto jengo moja. Lakini katika jiji la Leeds, kaskazini mwa Uingereza, jengo lisilopashwa joto wakati wa majira ya baridi halikaliki. Aidha, kuta zake huingia unyevu na mbao zake kuanza kuoza.

Jumba kuu la jiji hilo, Leeds Town Hall, lilisanifiwa na Cuthbert Brodrick na kufunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1858. Lina mnara wa saa, ukumbi mkubwa wa tamasha na kinanda cha mabomba ambacho mbao na ngozi zake hupasuka hewa ikikauka kupita kiasi. Sheria za uhifadhi zimeliweka katika daraja la juu kabisa, kwa hivyo hakuna fundi anayeweza kutoboa ukuta wake bila kibali.

Kama majengo mengine ya umma nchini humo, lilitegemea boila za gesi. Mnamo Machi 2019, halmashauri ilitangaza hali ya dharura ya tabianchi, na boila hizo zikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kutazamwa. Njia iliyochaguliwa ni kuunganisha majengo ya umma na mtandao wa mabomba ya maji moto uitwao Leeds PIPES, ambao tayari ulikuwa umeanza kuhudumia nyumba za kupangisha za halmashauri.

Joto lenyewe hutoka katika kiwanda cha kuchoma taka kilichoko eneo la Cross Green, mashariki mwa katikati ya jiji. Taka zisizoweza kutumika tena huchomwa, mvuke ukazungusha mitambo ya umeme, kisha sehemu ya joto hilo hupasha maji yanayosukumwa kwa pampu. Mabomba yenyewe ni ya chuma, yamefunikwa kwa povu zito la kuhifadhi joto na kufukiwa chini ya barabara. Huenda mawili mawili: moja hupeleka maji moto, jingine hurudisha yaliyopoa.

Maji hayo hayaingii katika rediata za jengo. Yakifika chumba cha chini hupita katika kifaa chenye mabamba membamba ya chuma. Upande mmja wa bamba ni maji ya mtandao, upande wa pili ni maji ya jengo. Joto huvuka, maji hayachanganyiki. Kifaa hicho huchukua nafasi ndogo mno kuliko boila kuukuu, na hakihitaji dohani.

Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mifumo ya zamani nchini Uingereza ilikadiriwa kutuma maji ya nyuzi 82 na kuyapokea yakiwa nyuzi 71, tofauti ya nyuzi 11 tu. Boila ya gesi haikujali sana. Mtandao wa jiji hujali, kwa kuwa kiasi cha joto kinachoachwa jengoni hutegemea wingi wa maji na tofauti hiyo ya nyuzi. Tofauti ikiwa nyuzi 33, theluthi moja ya maji hutosha kwa kazi ile ile. Maji yakirudi yakiwa bado moto, pampu hufanya kazi bure na jirani wa mwisho kwenye bomba hupungukiwa.

Kwa hivyo mafundi hulazimika kupitia rediata moja moja, kuweka vali mpya na kurekebisha mkondo wa maji ili yapite polepole na kupoa vya kutosha. Rediata kubwa za chuma cha kalibu, ambazo wahifadhi hawataki ziondolewe, husaidia hapa kwa sababu eneo lake pana hutoa joto hata maji yasipokuwa moto sana. Kuta nene za mawe nazo hupata joto taratibu, basi ni afadhali mfumo uwashwe mapema na kuachwa uendelee kwa kiwango cha chini kuliko kuwashwa kwa kishindo saa moja kabla ya tamasha.

Hata hivyo, joto la taka lina mushkili wake. Ndani ya taka hizo mna plastiki, ambayo asili yake ni mafuta, na kuichoma hutoa gesi ile ile inayokimbiwa. Isitoshe, kiwanda kinapofungwa kwa matengenezo, boila za akiba za gesi ndizo huokoa jahazi.

Hapa Kenya, wakulima wa maua wa Oserian, Naivasha, wametumia mvuke wa ardhini kupasha joto vivungulio vyao, na hawakuhitaji kuchoma chochote. Leeds haina Olkaria. Ina taka, na ina mabomba ambayo yanaweza kubeba joto kutoka chanzo kingine chochote siku taka zitakapopungua.