Damu Chooni si Jambo la Kuficha

Yako maradhi ambayo mtu huyataja mbele ya watu bila haya, kama vile malaria, kikohozi au maumivu ya mgongo. Yako na mengine ambayo mtu huyabeba kimya kimya kama deni, asimwambie mkewe wala mwenziwe wa kazini. Bawasiri ni mojawapo. Leo twapenda kuizungumzia waziwazi, kwa kuwa kimya hiki chaweza kumpotezea mtu maisha.

Swali linaloulizwa kwa kunong'ona, hapa Dodoma na kwingineko, ni hili: je, bawasiri hugeuka kuwa saratani ya utumbo mpana? Jibu la madaktari ni kwamba haigeuki. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba katika njia ya haja kubwa, aghalabu kwa sababu ya choo kigumu, kujikamua, ujauzito au kukaa kitako kwa muda mrefu. Saratani huanza kwa namna nyingine kabisa. Mara nyingi huanzia katika kinyama kidogo kinachoota ndani ya ukuta wa utumbo, nacho huchukua miaka mingi, pengine kumi au zaidi, kabla ya kuharibika. Maradhi haya mawili hayazaani.

Basi, hatari iko wapi? Iko katika jambo moja: yote mawili hubisha hodi kwa damu. Tuchukue mfano wa dereva wa lori aendaye Singida na kurudi, ashindaye kutwa juu ya kiti. Aonapo damu chooni husema, "Ni bawasiri yangu ile ile." Hununua dawa ya kupaka, au mizizi sokoni, na kuendelea na safari. Huenda amesema kweli. Lakini huenda pia anayo bawasiri, na juu yake anao ugonjwa mwingine uliojificha nyuma ya damu hiyo hiyo. Bawasiri haimkingi mtu na saratani, na mtu aweza kuwa nazo zote mbili. Mwaka ukipita hivyo, uvimbe ambao ungekatwa mapema huwa umekwisha kuenea. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ziko dalili zinazopaswa kumwondolea mtu uvivu wa kwenda hospitali. Nazo ni damu iliyochanganyika na choo au iliyo nyeusi; choo kubadilika kwa majuma kadhaa, mara kigumu, mara cha kuharisha; kujihisi hujamaliza haja ingawa umemaliza; kukonda bila sababu; tumbo kuuma mara kwa mara; na uchovu wa kupungukiwa damu. Damu nyekundu inayodondoka baada ya haja mara nyingi huwa ya bawasiri, lakini hakuna awezaye kuthibitisha hivyo kwa kutazama tu. Tena amiba na kichocho cha tumbo navyo huleta damu. Ni kipimo tu kinachoamua.

Lakini twaona kuna jambo moja ambapo maradhi haya hukaribiana, nalo ni chakula. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946, alishangaa kuona kwamba bawasiri na saratani ya utumbo mpana, zilizokuwa nyingi Ulaya, zilikuwa haba miongoni mwa wanavijiji wa Afrika. Katika maandishi yake ya miaka ya 1970 alieleza kwamba chakula chenye makapi mengi hulainisha choo na kukipitisha upesi. Uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba nafaka zisizokobolewa hupunguza hatari ya saratani hiyo, na kwamba nyama nyekundu nyingi, pombe na tumbaku huiongeza.

Wazee wa Ugogo walikula ugali wa uwele na mtama kwa mlenda. Siku hizi wengi wetu mjini twapenda sembe jeupe, na jioni nyama choma na bia. Hatusemi kwamba mfanyakazi asile nyama. Twasema asiyadharau makapi ya dona, uwele, kunde na mboga, na katika nchi hii kavu asingoje kiu kali ndipo anywe maji.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu zaidi ya 1,900,000 ulimwenguni walipatikana na saratani hii, na zaidi ya 900,000 walikufa. Lakini ikigunduliwa mapema, hutibika. Kipimo cha kwanza ni cha dakika chache: daktari huvaa glavu na kupima kwa kidole. Ikibidi, mgonjwa hupelekwa hospitali kubwa akaangaliwe utumbo kwa mpira wenye kamera. Dodoma, ambayo zamani ilikuwa mji mdogo wa reli, sasa inazo hospitali za rufaa, ikiwamo ya Benjamin Mkapa iliyofunguliwa mwaka 2015. Mganga huyo amekwisha kuona mamia ya watu kabla yako, wala hatakucheka.

Twawaomba viongozi wa wafanyakazi wamruhusu mwenzao kwenda kupimwa bila kumhoji mbele ya watu. Twawaomba wake na waume waulizane. Na wewe msomaji, ikiwa umeona damu, usijipe jina la ugonjwa wewe mwenyewe. Huenda ni bawasiri tu, nawe utarudi nyumbani na dawa na moyo mweupe. Huenda siyo, na hapo utakuwa umefika kungali mapema. Kwa vyovyote vile, safari hiyo haina hasara.