Mgeni Asiyepewa Jembe: Ubishi wa Wachezaji Kuhusu Kingdom Hearts

Kingdom Hearts III ilipotoka Januari 2019, malalamiko mengi ya wachezaji yaliangukia mlima mmoja. Ni mlima wa theluji wa Arendelle, nchi ya filamu ya Frozen. Sora, kijana shujaa wa gemu hii, anaupanda akiwa na Donald na Goofy, anaporomoshwa, anaupanda upya. Njiani anasimama kumtazama Elsa akiimba wimbo wake mashuhuri, kwa picha zinazoifuata filamu karibu hatua kwa hatua. Elsa anakimbia, Anna anamfuata, na mambo yanakwenda kama yalivyokwenda sinemani mwaka 2013. Mwondoe Sora, na kisa hakipungukiwi na kitu.

Katika gemu hiyohiyo kuna dunia ya Toy Story. Humo Sora anageuka mwanasesere, na Rex, yule dinosaria wa plastiki, anamdhania kuwa mhusika wa gemu anayoipenda. Andy, mwenye wanasesere, ametoweka pamoja na baadhi ya wenzao. Woody anampokea Sora kwa moyo mweupe, lakini Buzz anamshuku kuwa ndiye aliyekuja na balaa. Nyuma ya yote yupo mtu anayetaka kujua kama mwanasesere anaweza kuwa na moyo, naye ameipasua dunia yao vipande viwili ili apate jibu. Swali hilo ndilo kiini cha Kingdom Hearts, na Toy Story nayo imekuwa ikiliuliza kwa njia yake tangu filamu ya kwanza ya mwaka 1995. Hapo hadithi mbili zimeshikana kiasi kwamba ukiivuta moja, nyingine inakuja nayo.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimefuatilia ubishi wa wachezaji wa gemu hizi kwa muda mrefu, kuanzia uzuri wa mapambano hadi ugumu wa hadithi, na naamini sehemu kubwa yake inatokana na jambo hilo: mgeni amepewa kazi, au ameketishwa atazame wenyeji wakifanya?

Kwa asiyeijua, Kingdom Hearts ni gemu ya makutano. Inawakutanisha wahusika waliozaliwa katika hadithi mbalimbali, tena zenye wenyewe mbalimbali. Upande mmoja ni Disney, upande wa pili ni Final Fantasy, mfululizo maarufu wa kampuni ya Square ya Japani. Ni pia gemu ya kuvaa uhusika: unapigana, unakusanya alama za uzoefu, unapanda ngazi, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopata afya, nguvu na mbinu mpya. Final Fantasy nyingi za zamani zilimtaka mchezaji apige kwa zamu. Hapa unakimbia, unaruka na kupiga papo kwa papo.

Wazo lilianzia kwa watu wawili wa Square, Shinji Hashimoto na Hironobu Sakaguchi, waliokuwa wakizungumzia Super Mario 64 na uhuru wake wa kuzunguka popote. Waliona kwamba ili kushindana na Mario wangehitaji wahusika wenye umaarufu wa wale wa Disney. Bahati ilikuwa upande wao, kwa kuwa Square na Disney ya Japani zilikuwa na ofisi katika jengo moja jijini Tokyo. Hashimoto akakutana na mkubwa mmoja wa Disney ndani ya lifti, akamweleza wazo lake hapohapo. Uongozi wa kazi ulikabidhiwa Tetsuya Nomura, mchoraji wa wahusika wa Final Fantasy VII, ambaye hakuwahi kuongoza gemu kabla ya hapo. Gemu ya kwanza ilitoka Japani Machi 2002 kwa ajili ya PlayStation 2.

Ushirikiano wa aina hii huandikwa kwa ruhusa, na alama za ruhusa hizo zinaonekana mpaka ndani ya gemu. Katika mchoro wa mwanzo Sora alikuwa nusu mtu nusu simba, mwenye mkia, na silaha yake ilikuwa msumeno wa mashine. Mchoro haukuwapendeza Disney, ukabadilishwa, na msumeno ukawa Keyblade, upanga wenye umbo la ufunguo. Mickey, ambaye anatafutwa tangu mwanzo wa kisa, anaonekana kwa muda mfupi tu mwishoni. Tarzan alipewa dunia nzima katika gemu ya kwanza, kisha hakurudi tena. Jina la Tarzan liko mikononi mwa kampuni iliyoanzishwa na mwandishi wake, Edgar Rice Burroughs, kwa hiyo Disney peke yake haitoshi kulitoa.

Waandishi waliweka pia sheria ndani ya hadithi yenyewe. Donald anamwonya Sora kwamba wasafiri hawaruhusiwi kuvuruga mpangilio wa dunia wanazozitembelea, wala kuwaambia wenyeji kwamba kuna dunia nyingine. Ndiyo maana Sora anakuwa kiumbe wa baharini akifika kwa Ariel, na anavaa kama mnyonya damu mdogo wa hadithi za kutisha akifika kwa Jack Skellington. Ni sheria nzuri kwa macho, kwa sababu kila dunia inakupa sura mpya na mara nyingine namna mpya ya kutembea. Kwa hadithi, hata hivyo, ni kamba. Mtu aliyekatazwa kubadilisha chochote ana nafasi ndogo sana ya kuwa shujaa.

Dunia bora za mfululizo huu ni zile zilizopata upenyo katika kamba hiyo. Kwa Jack Skellington, katika gemu ya kwanza, hakuna anayerudia filamu. Jack anataka viumbe waitwao Heartless, wasio na moyo, wacheze kwenye sherehe yake, na Dk. Finkelstein anajaribu kuwaundia moyo wa kutengeneza. Katika Kingdom Hearts III, dunia ya Big Hero 6 inaanzia filamu ilipoishia. Baymax wa kwanza, yule roboti aliyeachwa gizani ili kijana Hiro aokoke, anarudi akiwa adui. Huo ni mzigo ambao filamu haikuubeba hata kidogo, na umetoka moja kwa moja ndani ya filamu.

Nchi ya Simba, iliyoingia katika Kingdom Hearts II, ina pande zote mbili. Sora anageuka mwanasimba, Donald anakuwa ndege na Goofy kobe. Mbio za miguu minne zinafurahisha uwandani, ingawa mapigano yanateleza na kuwachosha wengi. Ziara ya kwanza inakimbiza mwisho wa The Lion King kwa haraka: Scar anatawala, Simba anarudi, Scar anaanguka. Ukirudi baadaye unamkuta Simba mfalme, lakini kivuli cha Scar kinamwandama, na hofu ya kutofikia kiwango cha baba yake inamkalisha chini wakati raia wake wanamhitaji. Hapo rafiki aliyetoka mbali ana la kufanya. Wanaoiita dunia hii dhaifu, nadhani, wengi wao wanaizungumzia ziara ya kwanza tu.

Mapambano ni mahali pengine pa ubishi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ufundi wa gemu hizi unapoonekana. Katika gemu ya kwanza, amri zote ziko kwenye orodha ndogo pembeni mwa skrini: kupiga, uchawi, vifaa. Unaipitia orodha hiyo kwa kidole huku maadui wanakushambulia. Kamera nayo ilizungushwa kwa vitufe vya juu ya pedi, na katika vyumba vyembamba mchezaji alipigwa na adui asiyemwona. Toleo lililosafishwa la mwaka 2013 lilihamishia kamera kwenye kijiti cha kulia, na malalamiko hayo yakapungua sana.

Kingdom Hearts II, iliyotoka Japani Desemba 2005, ilifanya kila kitu kiwe chepesi mkononi. Sora anaruka mbali zaidi, na kitufe cha pembetatu kinakupa mbinu maalumu kulingana na adui aliye mbele yako. Wapo wanaosema kitufe hicho kimefanya gemu kuwa ya kubonyeza tu. Kwa anayecheza ngazi rahisi, wana haki. Wanaoicheza ngazi ngumu wamegundua kitu kingine chini yake: kila pigo unalompiga adui mkuu lina thamani iliyofichwa, na mashine inazijumlisha thamani hizo kimyakimya. Jumla ikifika kikomo, adui anajinasua na kukurudishia. Skrini haionyeshi hesabu hiyo. Wachezaji waliifukua wenyewe, na leo wapo wanaojua kwa kila adui ni mapigo mangapi unaweza kumpiga kabla ya kurudi nyuma. Maadui wakuu wengi pia hawafi mpaka wapokee pigo la kufunga mfululizo, kwa hiyo hata mwisho wa pambano unakudai umakini. Ukishindwa, unajua kosa lako liko wapi. Katika Birth by Sleep ya mwaka 2010, wazoefu wanalalamika kwamba maadui hujinasua bila kanuni inayosomeka, na hilo ndilo linalowaudhi kuliko ugumu wenyewe.

Toleo kamili zaidi la gemu ya pili, lenye ngazi ngumu na maadui wa ziada, lilitoka Machi 2007 na kubaki Japani. Wachezaji wa kwingineko walilipata rasmi mwaka 2014.

Gemu ya tatu ilipendeza macho, lakini ilikuwa nyepesi mno. Wakati wa vita unaweza kuita bembea na mitumbwi ya bustani za Disney ikafagia maadui wote uwanjani, nawe ukabaki kutazama tena. Ngazi ngumu iliongezwa Aprili 2019, na nyongeza ya Januari 2020 ilileta mapambano makali na kuwarudisha Leon, Aerith na wenzao wa Final Fantasy, ambao kukosekana kwao kuliwaumiza wengi. Nawaelewa waliolalamika. Katika gemu ya kwanza, Cloud alikuwa ameajiriwa na Hades kumuua Hercules. Yaani mtu wa Square alikuwa na kazi ndani ya hadithi ya Disney, na makutano yalikuwa ya kweli.

Kuhusu hadithi kuu, wanaosema imechanganyikana hawajakosea. Kanuni ya mwanzo ni safi: moyo ukimezwa na giza unakuwa Heartless, na mwili unaobaki, kama mwenyewe alikuwa na nia kali, unasimama peke yake ukiitwa Nobody. Mtu mmoja anaweza kugawanyika kuwa wawili, na kutoka hapo unamwelewa Roxas, kijana ambaye Kingdom Hearts II inafunguka naye kwa saa kadhaa kabla ya kumrudisha Sora. Tatizo ni kwamba sababu za Sora kukosekana zilikuwa katika Chain of Memories ya mwaka 2004, iliyotolewa kwa Game Boy Advance. Sehemu nyingine za kisa zikaenda Nintendo DS, PSP na 3DS. Aliyekuwa na PlayStation pekee alikuta kitabu kimechanwa kurasa.

Halafu ikaja safari ya wakati. Katika Dream Drop Distance ya mwaka 2012, adui Xehanort anajikusanya mwenyewe kutoka zama tofauti, kijana kwa mzee. Hapo naona kosa kubwa kuliko yote. Aliyekufa anaweza kurudi muda wowote, na kifo kinapoteza uzito wake. Kisa hicho kikawa kikubwa kiasi kwamba dunia za Disney zikawa vituo vya njiani: katika gemu ya tatu, karibu kila jambo lenye uzito kwa Sora na rafiki zake limerundikwa saa za mwisho, filamu zote zikiwa zimeshapita.

Na bado watu wanailia gemu hii. Muziki wa Yoko Shimomura unachangia sana. Ndiye aliyetunga pia muziki wa Street Fighter II, na hapa kinanda chake kinaziunganisha dunia ambazo kwa michoro hazifanani kabisa. Yapo pia maamuzi madogo yenye heshima kwa mchezaji: mwanzoni kabisa unachagua upanga, ngao au fimbo na kuacha kimojawapo, kisha unajibu maswali ya watoto watatu kisiwani. Majibu yako yanaamua kama utapanda ngazi kwa kasi sasa au baadaye, na gemu haikufafanulii hesabu yake.

Kingdom Hearts IV ilitangazwa Aprili 2022, na picha zake za kwanza zilimweka Sora katika Quadratum, jiji la maghorofa linalofanana sana na Tokyo. Kwa anayetaka kuanza sasa, gemu za zamani zimekusanywa pamoja kwa PlayStation 4, Xbox One na kompyuta. Anza na ile ya mwaka 2002, kisha Chain of Memories, hata kama mapigano yake ya karata yatakusumbua, ndipo uende ya pili. Chagua ngazi ya ugumu iliyo juu kidogo ya uwezo wako. Na katika Kingdom Hearts II usiziruke ziara za pili, kwa Simba hasa.