Futa Tu, Ukiwa na Sababu

Msimu wa mitihani ukikaribia, swali ni lile lile, na anayeuliza huwa ameshajijibu: si kweli kwamba jibu la kwanza ndilo sahihi, na anayelifuta anajiponza? Wazazi huwausia watoto hivyo, walimu wa twisheni huiuza kama mbinu, na mtahiniwa wa darasa la saba huingia chumbani na penseli yake ya HB akiwa ameapa kutogusa kifutio. Ushauri huu ni mbovu, na ubovu wake umejulikana zamani. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Ludy Benjamin na wenzake walipitia tafiti 33 na kukuta kwamba mabadiliko mengi hutoka kwenye kosa kwenda kwenye usahihi, na wengi wanaobadilisha huongeza alama. Mwaka 2005 Justin Kruger, Derrick Wirtz na Dale Miller wakachapisha kazi ya subira kweli kweli: walikagua fomu za mtihani za wanafunzi 1,561 wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakitafuta mahali palipofutwa na kusilibwa upya. Katika mabadiliko 3,291, asilimia 51 yaligeuza kosa kuwa sahihi na asilimia 25 yaligeuza sahihi kuwa kosa. Yaliyobaki yalihama kosa moja kwenda jingine. Kwa kila badiliko lililoharibu, mawili yaliokoa. Imani hii inaishi kwa sababu kumbukumbu zetu hazijui kuweka hesabu. Ukifuta jibu sahihi utaumia wiki nzima, maana alama ilikuwa mkononi ukaitupa mwenyewe. Ukiacha kosa ulilolitilia shaka, utasema hukujua, yaishe. Ukifuta kosa ukapata, utaona ni haki yako na kulisahau kabla ya chakula cha jioni.

Nyuma ya imani hiyo kuna dhana kubwa zaidi, kwamba wazo linalokuja lenyewe bila jasho lina ukweli fulani ambao kufikiri huuchafua. Chukua swali la mtafiti Shane Frederick, nikilivisha bidhaa za dukani kwetu: daftari na kalamu ni shilingi 1,100 kwa jumla, na daftari limezidi kalamu kwa shilingi 1,000. Kalamu ni bei gani? Mia moja, ndivyo ulimi unavyotaka kusema. Basi daftari ni 1,100 na jumla ni 1,200, hesabu imekataa. Kalamu ni 50, daftari ni 1,050. Tazama lakini jinsi ile mia ilivyokuja, nyepesi, bila chembe ya shaka. Wepesi huo ndio watu wanaouita sauti ya ndani, na kama ulivyoona, hujitokeza hata pale jibu linapokuwa kosa tupu.

Hapo mtu hunitajia zimamoto ambaye, kwa hisia tu, huwatoa wenzake ndani ya nyumba sekunde chache kabla sakafu haijaporomoka. Ni kweli, na mwanasaikolojia Gary Klein alitumia miaka mingi kuwachunguza watu wa aina hiyo. Mwaka 2009 yeye na Daniel Kahneman, waliotoka kambi zinazopingana kuhusu hisia hizo, waliandika pamoja kwamba hisia ya haraka huaminika pale mazingira yanapokuwa na utaratibu unaojirudia, na mtu akawa amejizoeza muda mrefu huku akipata majibu ya wazi kuhusu makosa yake. Mtahiniwa anayepewa daraja tu, asijue swali la 14 alikosa au alipata, hisia yake imesahihishwa lini? Hoja nyingine ina uzito zaidi: huenda wanaobadilisha hufanya hivyo pale tu wanapokuwa na sababu. Nakubali kabisa, na ndiyo maana sisemi ubadilishe kila kitu. Mwaka 2016 Justin Couchman na wenzake waliwataka wanafunzi waandike, swali kwa swali, kama wanajua au wanakisia. Tathmini hizo za papo hapo ziliwaongoza vizuri kuliko kanuni yoyote ya jumla.

Basi fanya hivi. Weka nukta kwenye karatasi ya maswali kila unapokisia. Maliza, rudi kwenye nukta tu. Soma swali upya kabla ya kuangalia jibu lako. Ukiona umeruka neno “isipokuwa”, umekumbuka kitu au hesabu imekataa, badilisha. Ukiwa na hofu tu, bila sababu unayoweza kuitamka, acha. Na ukifuta, futa patakate, kwa sababu mashine ikisoma vivuli viwili kwenye swali moja hutapewa alama hata kama mojawapo ni sahihi.